Mgonjwa Aulizwe Uji

Kama umeambiwa juzi kwamba usile ngano tena maisha yako yote, na umetoka hospitali ukiwa na karatasi mkononi, nakuomba kwanza uende nyumbani ukalale. Usifanye kama mimi. Mimi nilishuka kwenye basi pale Mbinga miguu imevimba kwa safari, nikaingia duka la kwanza lenye friji na mashelfu, nikamwambia dada wa kaunta, "Naomba unionyeshe vyakula visivyo na ngano."

"Vya aina gani, mama?"

"Vyovyote. Ilimradi visiwe na ngano."

Akafikiri kidogo, akapanda kwenye stuli, akashusha pakiti moja ya juu kabisa, akaipangusa vumbi kwa upindo wa kanga yake na kunikabidhi kwa tabasamu. Ulikuwa unga wa ngano isiyokobolewa.

"Dada, hii ni ngano," nikamwambia.

"Ndiyo, lakini ni ya brauni. Hiyo ndiyo ya wagonjwa. Wa sukari wote wanachukua hiyo."

"Mimi sina sukari."

"Basi wa presha."

Nilikuwa nimechoka mno kubishana, nikaondoka. Sikujua kwamba mazungumzo yale nitayarudia mwaka mzima, duka baada ya duka, kuanzia Mbinga hadi Songea, na kwamba kila mtu atakayenihurumia atanipa mkate wa brauni.

Ugonjwa wenyewe unaitwa siliaki. Kuna kitu ndani ya ngano na shayiri, wanakiita gluteni, ambacho utumbo wangu haukitaki. Zaidi ya hapo waulize wenye elimu yake. Mimi ninachoweza kukueleza ni miaka miwili iliyotangulia. Nilitoka kilo sitini na tatu nikafika arobaini na moja. Tumbo lilijaa kama ngoma kila jioni, nikaharisha, nywele zikatoka mkononi nilipojipaka mafuta. Nafundisha darasa la nne, na ilifika mahali nikawa naandika ubaoni mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. Nilitibiwa taifodi, nikatibiwa minyoo, nikatibiwa amiba, nikatibiwa vidonda vya tumbo, kisha wakaanza upya na taifodi. Virusi vya UKIMWI nilipimwa mara tatu, na mara zote majibu yalikuwa mazuri, lakini walimu wenzangu waliendelea kunyamaza kila nilipoingia ofisini. Sketi nilizibana kwa pini. Binti yangu Neema, aliyekuwa na miaka tisa, aliacha kunikumbatia kwa nguvu kwa sababu alidhani ataniumiza.

Hatimaye wakanipa rufaa ya hospitali kubwa, siku nzima ya basi. Nilikaa kwenye mabenchi yale siku nne, kadi mkononi, nikisubiri kipimo cha kupitisha kamera kooni. Kuna nesi mmoja alinitazama nikienda chooni na kurudi, kwenda na kurudi, kisha bila kuniuliza neno akabeba kiti chake mwenyewe na kukiweka karibu na mlango wa choo, akaniita nikae pale. Jina lake sikulijua. Namwombea mpaka leo.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, na hakupenda kuzunguka. "Mama, damu yako ni sita. Ukiacha ngano kabisa, utumbo utapona wenyewe, hauhitaji dawa. Usipoacha, nitakuona hapa mara mbili tatu, halafu sitakuona tena. Rudi baada ya miezi sita."

Ulikuwa mwezi wa tatu, mvua za masika zinamwagika. Nikahesabu kwa vidole: mwezi wa tisa.

Basi nikaanza kusoma vyakula. Mwalimu nimezoea kusoma, lakini hayo maandishi ya nyuma ya pakiti yameandikwa na watu wasiotaka yasomwe. Nilinunua miwani. Nikakuta ngano kwenye viungo vya mchuzi. Ngano kwenye soseji, ambayo nilidhani ni nyama. Ngano kwenye sosi ya soya, ambayo jina lake lenyewe ni soya. Kwenye pakiti ya bisi nikakuta mstari mdogo kama mguu wa sisimizi unaosema huenda kuna chembe za ngano. Huenda! Mtu anapima maisha yake, wao wanamwambia huenda. Samaki wa kukaanga wa stendi nao hupakwa unga wa ngano ili wasishike kikaango, na mama muuzaji aliponiapia kuwa samaki wake hawana kitu, alikuwa anawapaka huku anaapa.

Kubwa kuliko yote ni unga wa lishe. Kwetu ukiumwa, watu hawakuletei pole mikono mitupu. Wanakuletea unga wa lishe. Wanaupenda kwa sababu una kila kitu: mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele, na ngano. Nilikuwa na pakiti kumi na moja kabatini. Akina mama wa jumuiya walikuja, wakaukoroga uji wenyewe jikoni kwangu, wakakaa kunitazama ninywe. Nikieleza, walisema, "Mwalimu, jikaze tu, ni lishe." Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mimi nasema aulizwe. Aulizwe mara mbili.

Hata hostia ya komunyo ni ngano. Paroko alinielewa kuliko wote, akanipangia niwe napokea kwa kikombe peke yangu baada ya misa, lakini waliokuwa wananiona nimebaki kwenye benchi wenzangu wakienda mbele walishanitafutia dhambi ya kunitosha.

Mwezi wa tano mume wangu Ambrosi alinipeleka Songea, kwenye duka kubwa lenye vikapu vya magurudumu. Tukazunguka saa nzima. Kijana wa duka alitupeleka kwa fahari kwenye shelfu la vyakula maalumu: biskuti zisizo na sukari, maziwa yasiyo na mafuta, mkate wa brauni. Mwisho kabisa, nyuma ya chakula cha mbwa, nikaona pakiti mbili za tambi zenye alama ya suke la ngano lililokatwa kwa mstari, yaani hazina ngano. Nilizikumbatia. Ambrosi akazichukua, akazigeuza, akanionyesha tarehe. Muda wake ulikuwa umeshapita miezi minane.

"Tunaweza kuagiza zingine," alisema yule kijana.

"Zitachukua muda gani?"

"Zile pale ziliagizwa na mzungu mmoja. Aliondoka kabla hazijafika."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, Ambrosi ananiinua, watu wanatazama. Tulirudi Mbinga na mchele.

Kwa hiyo chakula changu kikawa wali, maharage, ndizi, viazi, na ugali wa sembe. Sembe nilinunua kwa Kandidus, mwenye duka kubwa la mtaa wetu, ambaye husaga mwenyewe nyuma ya duka na kuufunga unga kwenye mifuko ya kilo mbili. Ni mtu mwema. Niliposimulia shida yangu ni yeye peke yake ambaye hakunipa mkate wa brauni. Alisema, "Mwalimu, usihangaike na maduka ya watu. Sembe yako nitakuwekea pembeni mimi mwenyewe." Na kweli kila Jumamosi nilikuta mfuko wangu chini ya kaunta.

Sasa nirudi nyuma kidogo, Pasaka, maana ndipo nilipovunja kitu ambacho hakuna dawa yake dukani.

Ambrosi ni mtu wa Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa. Kila Pasaka tunateremka milima kwenda kwa mama yake. Mwaka huo nilibeba sufuria yangu, mwiko wangu na mchele wangu. Najua kwamba kwetu, juu milimani na chini ziwani, mtu anayekwenda na sufuria yake nyumbani kwa mwenzake ameshatoa shutuma bila kufungua mdomo. Amesema: wewe ni mchawi, chakula chako nakiogopa. Nilijua. Lakini nilikuwa na miezi sita, na mmoja ulikuwa umeshakwisha. Nilimwomba Ambrosi atangulie kumweleza mama yake. Ambrosi alimwambia, "Mama Neema tumbo linamsumbua," akaona ameeleza.

Mama mkwe alikuwa amepika chapati. Kule ziwani ugali wao ni wa muhogo kila siku ya Mungu. Chapati ni heshima ya sikukuu na ya mgeni. Ua lilijaa majirani. Akaleta sahani, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama," nikasema. "Asante sana. Mimi nitakula wali wangu."

"Marahaba. Wali wako?" Akatazama sufuria yangu, kisha akanitazama mimi. "Mama Neema, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Ni ngano. Daktari kanikataza ngano."

"Ngano ya dukani hii. Na wewe ni mtu wa Mbinga, kwenu mnailima."

Nyuma yake mwanamke mmoja akakohoa. Mama mkwe akaikata chapati vipande viwili. Kimoja akakitia mdomoni mwake, akakitafuna mbele ya watu wote, taratibu, akameza, kisha akaninyooshea kile cha pili. Kwetu hivyo ndivyo mwenyeji anavyoonyesha kwamba chakula chake hakina kitu. Hakuna anayekataa baada ya hapo.

Nilikataa. Nilisema, "Hapana, mama," na mkono wake ukabaki hewani kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, kisha akaushusha, akaingia ndani. Hakutoka tena hadi tulipoondoka. Tulipoanza kupanda mlima Ambrosi akasema:

"Ungekula kipande kile tu."

"Kipande kile ndicho kinachoniua."

"Kidogo hivyo?"

Niliapa kwamba nikilisikia tena neno kidogo nitamwacha mtu katikati ya barabara, hata kama ni yeye anayeendesha. Tulilala vyumba viwili wiki nzima.

Na ungedhani baada ya kumwaibisha mama mzima, tumbo lingenilipa. Kweli mwezi wa nne na wa tano nilipata nafuu. Mwezi wa saba, watu wakichuma kahawa, nikaanza kurudi chini. Wa nane nikawa naharisha kama zamani. Mwezi wa tisa nilikwenda kwa daktari nikiwa na kilo arobaini na mbili. Akasoma karatasi, akavua miwani.

"Unakula ngano, mama."

"Sili."

"Damu inasema unakula."

"Basi damu inadanganya! Nimegombana na mume, nimegombana na mkwe, nimeacha hata hostia, halafu wewe unaniambia nakula?" Nilipiga meza yake. Nesi alichungulia mlangoni. Daktari hakukasirika. Alinipa karatasi tupu na kalamu, akaniambia niandike kila kinachoingia mdomoni na kilikotoka, na nirudi mwezi wa tatu. Hakusema itakuwaje nikirudi vilevile. Wote wawili tulikumbuka alivyosema mara ya kwanza.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa Kandidus. Mkewe akaniambia mfuko wangu haujafungwa bado, nipite nyuma, mumewe yuko mashineni. Sikuwahi kupita nyuma. Nikakuta foleni ya wanawake na ndoo zao. Wa mbele kabisa alikuwa anamimina ngano. Ulikuwa msimu wake. Wameshavuna milimani na kila mwenye debe mbili tatu analeta kusaga. Nyuma yake wawili wenye mahindi walikuwa wanagombana.

"Mimi ndiye ninayefuata ngano! Nimewahi tangu alfajiri!"

Nikamuuliza kwa nini anagombania kufuata ngano. Alinishangaa, mwalimu mzima. "Mashine haitoi unga wote, si mwingine unabaki kwenye bomba na kwenye mfuko? Mahindi yanayofuata ngano yanaubeba. Ugali wake laini, unavutika. Hujawahi kula?"

Kandidus akatokea, mweupe hadi kope, akaniona, akafurahi. "Mwalimu! Wewe usipange foleni. Wako upo. Kila wa ngano wanapomaliza jioni namimina debe langu la mahindi nyuma yao, ule unaotangulia kutoka nauweka wako. Tangu uugue sijawahi kukupa ule mgumu."

Nilikaa juu ya kiroba cha mtu. Mwenye kiroba aliniambia niinuke, nikashindwa. Nilimfokea Kandidus maneno ambayo sitayaandika hapa, mbele ya wateja wake, na yeye alisimama akiyapokea, vumbi likimteremka usoni kwa jasho. Nilipomaliza alisema kwa sauti ndogo, "Lakini Mwalimu, ulisema huli ngano. Hii siyo ngano. Ni sembe."

Nilimwomba radhi wiki mbili baadaye. Hakuna aliyenitendea wema mwingi mwaka ule kuliko yeye, na wema wake ulikuwa karibu kunizika. Kwa hiyo wewe unayesoma, shika hili: ukienda dukani usiulize tu kama kitu kina ngano. Uliza mashine iliyokisaga inasaga nini kingine, upawa uliokichota ulichota nini kabla, na ukiambiwa "kidogo tu," rudisha shelfuni. Watakuona msumbufu. Kuwa msumbufu. Nunua punje, osha punje, chemsha punje.

Ambrosi nilimpeleka kwenye ile mashine. Alisimama pale akatazama foleni nzima, na jioni ile hakula. Kesho yake akachukua ruhusa kazini, akateremka Ngumbo peke yake. Aliporudi nilimuuliza mama yake amesema nini.

"Hajasema kitu. Ameuliza kama muhogo una hiyo ngano."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hauna."

Baada ya wiki mbili lori la dagaa likatuletea kiroba cha unga wa muhogo, mweupe, umechekechwa vizuri. Salamu hazikuwamo. Mwezi uliofuata kikaja kingine. Kila mwezi, mvua zilipoanza, Krismasi, mvua zilipokolea na barabara ya mlimani ikawa tope, kiroba kilifika. Nilikula ugali wa muhogo na dagaa mpaka Neema akaniambia nanukia ziwa. Mwezi wa pili niliandika ubao mzima bila kushika fremu ya mlango. Mwezi wa tatu daktari alisoma karatasi: damu kumi na moja na nusu, kilo hamsini na mbili. Aliinuka akanipa mkono, na mimi niliyempigia meza nikamlilia begani.

Pasaka tukateremka tena. Sufuria niliiacha Mbinga.

Mama mkwe alinipokea kwa "Marahaba" fupi, akaingia jikoni. Shemeji yangu, mdogo wake Ambrosi, ndiye aliyenivuta nyuma ya nyumba akanionyesha kinu kipya, kimefunikwa kwa gunia na kufungwa kamba.

"Hiki ni chako," alisema. "Alikichongesha siku ileile kaka alipokuja. Makopa yako, ule muhogo mkavu, anayatwanga humu peke yake. Hakuna anayeruhusiwa kukigusa, hata mimi. Na mashineni hakanyagi."

"Na majirani?"

Shemeji akaangalia chini. Kule kinu hakina mwenyewe. Anayehitaji anakuja kuazima, na mwanamke akikataa kuazimisha, watu huuliza anatwanga nini humo. Walikuwa wameuliza. Walikumbuka pia kwamba mkwe wake mwenyewe alikuja na sufuria. Mwezi wa pili kulikuwa na msiba nyumba ya tatu, mama mkwe akaenda kusaidia kupika kama alivyofanya maisha yake yote, wakamwambia, "Wewe pumzika tu, mama." Alikaa pembeni siku tatu bila kugusa mwiko.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anasonga ugali, hakugeuka.

"Mama, kwa nini hukuwaambia ni kwa ajili ya ugonjwa wangu?"

"Niwaambie nini? Kwamba mkwe wangu anauawa na chapati?" Akapiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Mimi mwenyewe nisingeamini. Waache waseme. Wewe kula."

Akapakua, akaniwekea ugali na samaki wa mbasa, akatandika mkeka mle mle jikoni, penye moshi, pasipoonekana na mtu. Nikauchukua ule mkeka. Nikatoka nao nje, nikautandika mbele ya nyumba, kando kabisa ya njia inayokwenda ziwani ambako wanawake walikuwa wanapanda na ndoo zao za dagaa. Nikarudi kuchukua sahani. Mama mkwe alinitazama, akanifuata na maji ya kunawa.

Nilikula. Nilimega tonge kubwa kubwa, nikatafuna mdomo wazi kama mtu asiye na adabu, na kila aliyepita nikamwambia kwa sauti ya darasani, "Karibuni, mama kapika!" Wa kwanza alijibu "Starehe" na kuongeza mwendo. Wa pili alisimama, akamtazama mama mkwe, akaenda.

Wa tatu akatua ndoo yake chini, akanyoosha mikono, na mama mkwe akammiminia maji.